Tuache Kujikaza Kiume

Hotuba kwa mabinti waliohitimu mafunzo ya ufundi na mama zao, Dodoma

Mbukwenyi!

Shikamooni mama zangu mliokaa mistari ya mbele. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Kaka zangu wachache mliowasindikiza dada zenu, nawaona, karibuni sana. Na ninyi wanangu mnaohitimu leo, mafundi umeme, waashi, mafundi magari, washonaji, wapishi, na ninyi wa upimaji ardhi mliokaa pamoja kule pembeni: hongereni sana.

Walionialika waliniomba nizungumzie mwanamke na kujiamini. Mada nimeipokea, ila naomba niingie kwa mlango wangu mwenyewe.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, uchungu ulinishika usiku kucha. Alfajiri muuguzi mmoja, mama mtu mzima, mwenye huruma kabisa, alinishika bega akaniambia, "Jikaze kiume, mwanangu." Nikajikaza. Mtoto akatoka salama. Siku kadhaa baadaye, nimekaa na mtoto kifuani, lile neno likaanza kunirudia. Nijikaze kiume? Kazi ile, tangu dunia iumbwe, ni mwanaume gani amewahi kuifanya hata nijikaze kama yeye? Tulikuwa leba, wanawake watupu, na kazi yenyewe ni mwili wa kike peke yake unaoiweza. Bado neno la kunitia nguvu lilibidi likaazimwe kwa wanaume. Yule mama hakuwa na kosa. Alinipa neno alilokuwa nalo. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba sisi wawili, saa ile, hatukuwa na neno jingine.

Hebu jisikilizeni tunavyozungumza. Binti akifaulu hesabu, ana akili za kiume. Mama akijenga nyumba peke yake, majirani wanamsifu: yule mama ni mwanaume. Kijana akilia msibani, anaambiwa asilie kama mwanamke. Hata mikono: wa kulia wazee waliuita mkono wa kuume, wa kushoto wakauita mkono wa kuke. Wa kuume ndio wa kulia chakula na kupokelea zawadi. Wa kuke mnajua kazi zake. Kiswahili nakipenda, ndicho kilichonilea. Lakini mtoto wa kike anayekulia ndani yake anajua mapema kwamba sifa zimewekwa ng'ambo ya pili, na akizitaka inabidi avuke akaziombe.

Mimi nilivuka. Nataka niwaeleze ilivyokuwa.

Nilianza kazi ya upimaji ardhi miaka 28 iliyopita, mwanamke peke yangu kwenye kikosi. Siku ya kwanza kiongozi wetu alisema mbele ya wote, "Hapa hakuna mwanamke, hapa kuna wapimaji." Nilifurahi. Niliona nimeheshimiwa. Nikanyoa nywele, nikazifungia kanga zangu sandukuni, nikajifunza kusema kwa ukali. Nikichoka sisemi. Nikiumia sisemi. Wenzangu wakaanza kuniita "mzee", na mimi nikaitika kwa fahari.

Mwaka uleule tukawa Bahi, hapa mkoani Dodoma, wakati wa kiangazi, jua la saa saba, miba ya migunga kila upande. Tulikuwa tunapima mpaka wa shamba kubwa kwa njia ambayo sisi tunaiita travesi. Kwa mama zangu ambao hamuijui: unaanzia nukta moja, unasoma pembe na umbali, nukta hadi nukta, unazunguka mpaka unarudi pale ulipoanzia. Hesabu zikifunga, unajua kazi ni safi. Zisipofunga, kuna mahali umekosea, na shamba la mtu limekatwa au limeongezwa kwenye karatasi.

Niko kwenye theodolaiti, mashine ya kusomea pembe, jicho kwenye lenzi, nikahisi hedhi imeanza, kabla ya siku zake. Sikuwa na kitu cha kujisitiri. Nilifunga sweta kiunoni. Chenimeni wetu, yaani msaidizi wa kuvuta mnyororo wa kupimia, kijana mwema, akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia ni malaria. Malaria ilikuwa na heshima kuliko hedhi. Nikaendelea kusoma pembe nimeuma meno, tumbo linakata, na hofu ya kuonekana ikiwa kali kuliko hayo maumivu. Jioni tulipokaa na karatasi, travesi haikufunga. Pembe mbili nilikuwa nimezisoma vibaya. Tukarudia kazi ya siku mbili. Kiongozi hakujua kilichotokea. Alisema tu, "Ndiyo maana watu wanasema kazi hii si ya wanawake." Na mimi nikaamini. Usiku ule nililala ndani ya hema nikiuchukia mwili wangu.

Wanangu, imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba hesabu zile hazikuharibiwa na hedhi. Ziliharibiwa na kuficha. Ningesema, "Jamani, nipeni nusu saa, niko kwenye siku zangu," ningejisitiri, ningemeza dawa ya maumivu, ningerudi kwenye mashine nikiwa mzima, akili yote kwenye pembe. Nilichokosa ni ruhusa ya kuwa mwanamke mahali pa kazi, na ruhusa ile nilijinyima mwenyewe kabla hajaninyima mtu.

Sasa sikieni habari ya pili.

Serikali ilipohamia hapa kwa nguvu, kuanzia mwaka 2016, mnakumbuka ardhi ya Dodoma ilivyofumuka. Mashamba ya mtama ya pembezoni yakawa viwanja kwa miezi michache. Tulikuwa kwenye upimaji wa namna hiyo, nje kidogo ya mji, tukafika kwa bibi mmoja mjane. Shemeji yake alikuwa amekwisha tuonyesha mpaka. Alitembea nao mbele yetu, ana uhakika, anaongea kwa sauti. Bibi amekaa kwenye kivuli cha nyumba, kimya. Mimi wa zamani, yule "mzee", ningepiga bikoni, alama ya mpaka, nikaondoka, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na mkubwa wa familia alikwisha sema.

Sijui ni nini kilinikalisha chini siku ile. Labda umri. Nilikaa kwenye mkeka na bibi, akaniletea ugali wa uwele na mlenda, tukala. Nikamsikiliza mambo ya visima, ya mifugo, ya watoto aliowazika. Baadaye sana, bila mimi kuuliza, akasema, "Ule mpaka aliokuonyesha si mpaka. Mpaka ni minyaa. Minyaa niliipanda mimi, nina mimba ya yule wangu wa kwanza. Wameing'oa, lakini mizizi haijaenda popote." Akanyanyuka. Akaenda kwa hatua zake za pole mpaka kwenye kichaka cha nyasi, akachokoa udongo kwa kidole cha mguu, akasema, "Chimba." Chenimeni akachimba. Hatukufika kina cha kiwiko, tukakuta kisiki cha mnyaa. Tukafuata mstari, tukakuta kingine. Na kingine.

Nilipotaka kuandika jina la mwenye shamba, bibi akasema, "Andika la kijana wangu. Mimi mwanamke." Nikamuuliza shamba amelima nani. Amelima yeye. Amepanda nani, amepalilia nani, amelinda ndege nani. Yeye. Nikamwambia, bibi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawasawa na ya mwanaume. Alinyamaza muda. Kisha akafuta dole gumba kwenye kanga yake, akatia alama kwenye fomu, jina lake.

Nimewaambia habari hii kwa sababu kilichofanya kazi siku ile kilikuwa ni yale mambo niliyokuwa nimeyafungia sandukuni pamoja na kanga: kukaa chini, kula na mtu, kusikiliza bila haraka. Miaka yote nilidhani huo ni ulaini wa kike unaopunguza ufundi. Kumbe ufundi wenyewe ulikuwa unaukosa. Na nisieleweke vibaya. Sisemi mwanamke amezaliwa na sikio la kusikiliza na mwanaume hana. Sisi tumefundishwa. Tangu wadogo tumepelekwa kuchota maji na kina mama, tumekaa jikoni na shangazi, tumefundishwa kusoma uso wa mgeni kabla hajasema ana njaa. Ni elimu ile, na kaka zangu hawa pia wanaweza kuipata wakitaka. Kosa letu ni kuitupa elimu hiyo mlangoni siku tunayoajiriwa.

Sasa niseme na ninyi washonaji na wapishi. Nimekaa na baadhi yenu asubuhi, na nimesikia mnavyojitambulisha. Wa umeme anasema jina na fani kwa sauti. Wa ushonaji anasema, "Mimi nimesoma ushonaji tu." Hiyo "tu" imetoka wapi? Cherehani ni mashine, kukata suti ni hesabu ya vipimo, na kosa la sentimita moja linaharibu kitambaa cha watu. Kazi ikifanywa na wanawake wengi inashushwa bei na kushushwa jina. Mama akipika nyumbani ni wajibu wake, kijana akipika hotelini ni mpishi mkuu. Na mke anayebaki nyumbani kulea tunamwita golikipa, neno la kumcheka, kama vile yeye anasubiri mipira tu wakati wengine wanacheza.

Kuhusu golikipa kuna jambo mnapaswa kulijua, na mama zangu mlishike. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya nchi hii iliamua shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: mke ambaye hakuwa na mshahara, aliyepika, akafua, akalea, je, amechangia kupatikana kwa mali ya ndoa? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi. Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha pewa fedha na mumewe na kuzitumia. Lakini mlango alioufungua, wanawake wengi wamepita. Kwa hiyo mtu akikuita golikipa, jua kwamba sheria ya nchi inahesabu kazi yako hata kama yeye haihesabu.

Kuna misemo mingine tunaimeza kila siku. "Mwanamke ishi naye kwa akili." Mmeisikia kwenye daladala, kwenye harusi, hata kwenye mahubiri. Watu wanaisema kwa maana ya ujanja: mfiche mshahara, mdanganye kidogo, usimwamini. Maneno hayo yametoka kwenye waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, na mstari wenyewe hauishii hapo. Unaendelea kuwaambia waume wawape wake zao heshima, kwa kuwa wao ni warithi pamoja nao. Nusu ya mwisho imekatwa, nusu ya mwanzo imegeuzwa silaha. Akina baba wa kanisa mliopo hapa, naomba Jumapili mtusomee mstari wote.

Halafu "adui wa mwanamke ni mwanamke." Huu unaniudhi kuliko yote, kwa sababu tunausema sisi wenyewe. Mama zangu wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, sanduku lenu lina kufuli tatu, na funguo zimekaa kwa watu watatu. Kila wiki mnakutana, mnahesabu mbele ya wote, mnadhaminiana mikopo. Mwenzenu akifiwa mnatoa mfuko wa jamii. Usiku wa uchungu ni jirani gani anayeamshwa? Msibani nani anasonga ugali wa watu 200 kwenye moshi? Wanawake wanagombana, ndiyo, na wanaume wanagombana, ndugu wanafikishana mahakamani kwa ng'ombe mmoja, lakini sijasikia mtu akisema adui wa mwanaume ni mwanaume.

Kuna wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu 19 Machi 2021 nchi imekuwa na Rais mwanamke, na kiti cha Spika hapa hapa Dodoma waliwahi kukikalia Mama Anna Makinda, aliyeanza mwaka 2010, na Dokta Tulia Ackson, aliyeanza mwaka 2022. Nawashukuru wote. Lakini jana tu, kwenye foleni, nimemsikia kijana akimwambia mwenzake, "Acha mambo ya kike." Mtu mmoja akikaa juu, neno lililoko chini halibadiliki lenyewe. Linabadilishwa na wanaolitumia.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo zito. Mama zangu mtanivumilia, nalisema kwa heshima.

Mimi ni Mgogo. Bibi yangu alipiga muheme. Kwa wageni mliopo: kuna makabila mengi ambako mwanamke anacheza, na ngoma inapigwa na mwanaume. Ugogoni muheme ni ya wanawake. Wao ndio wapigaji. Ngoma zile zenye kiuno wanazibana kati ya mapaja, wanazipiga kwa viganja, shanga zinatikisika, na mwili wote unaingia kwenye mdundo. Nikiwa mdogo nilikaa karibu sana na bibi akipiga, nikaona jasho likishuka kwenye shingo yake, nikaona mshipa wa mkono umesimama, na uso wake una utulivu ambao sikuwahi kuuona akiwa jikoni. Hakuna mtu aliyemwambia ajikaze kiume. Nguvu ile ilikuwa ya kike, na kijiji kizima kilijua hivyo. Nilikuwa nayo mbele ya macho yangu, halafu nikaenda kuhangaika kuazima nguvu kwa wengine.

Lakini muheme ile ile ililia kwenye unyago, na kwenye unyago kulikuwa na kisu. Hatuwezi kusema uzuri wa ngoma tukanyamazia kisu. Takwimu za taifa za afya za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba katika mkoa huu wanawake 47 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imekwisha fanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Na tunajua kwamba wengine waliamua kuwakata watoto wachanga ili isijulikane, wakisema wanatibu lawalawa.

Lawalawa. Mtoto anawashwa, analia akikojoa, na watu wanasema dawa yake ni kumkata. Mama zangu, hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya sehemu za siri. Yanatibiwa zahanati, kwa dawa na usafi, kama yanavyotibiwa maambukizi ya sikio, na hakuna anayemkata mtoto sikio. Tumechukua maradhi ya kawaida tukayaita kasoro ya kuzaliwa mwanamke. Hapo ndipo dharau zote nilizozitaja leo zinapoanzia, kwenye mwili wa mtoto asiyeweza hata kusema. Anayeambiwa utotoni kwamba sehemu yake ya kike ni ugonjwa, atajiaminije akiwa na miaka 20 mbele ya bosi?

Ninajua mama zangu wengi hapa mlipitia, na waliowafanyia waliwapenda. Siwahukumu. Ninawaomba tu. Unyago ulikuwa na mengi: nyimbo, mafumbo, mashangazi kumkalisha binti na kumweleza mwili wake. Hayo tubaki nayo, na mengine tuyarudishe maana yamepotea, mabinti zetu sasa wanafundishwa na simu. Ngoma tubaki nayo. Kisu tukizike, tena tukizike kwa mdundo huohuo.

Na ngoma za wanawake zina historia kubwa kuliko tunavyodhani. Bibi Titi Mohamed alipoombwa mwaka 1955 awaingize wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru, hakwenda kujifunza kuhutubia kama wanaume kwanza. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, akaanzia kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akawajua viongozi wa vikundi hivyo, akawaita. Wanawake wale wakajiunga kwa maelfu. Walikuja na kanga zao, nyimbo zao na mitandao yao ya harusi na misiba.

Binti anaweza kuuliza, basi ndio tuvae magauni, tuongee polepole, tupake rangi ya mdomo ndipo tuwe wanawake? Hapana, mwanangu. Fundi magari mwenye ovaroli na grisi mpaka kwenye kiwiko ni mwanamke kamili. Mwenye nywele fupi ni mwanamke, anayesema kwa sauti kubwa ni mwanamke, asiyezaa ni mwanamke, wala tusimwite jikedume. Ukipenda hereni, vaa hereni, na kofia ngumu juu yake. Usipozipenda, usizivae. Mimi nilinyoa nywele kwa hofu, sasa ninazinyoa kwa kupenda, na mimi peke yangu ndiye ninayejua tofauti yake.

Jumatatu baadhi yenu mnaanza kazi. Ukishikwa na tumbo, sema. Ukimsikia mwenzako akisifiwa kwamba ni mwanaume, msahihishe anayesifu, kwa adabu, mwambie, "Ni mwanamke, na ndivyo walivyo." Na mkimshika mkono mwenzenu leba, mtafutieni neno jingine. Mimi nimelipata langu. Binti yangu alipojifungua mwaka jana nilimwambia, "Jikaze kama bibi yangu."

Sasa, wale mama wa muheme wako nje, nyuma ya ukumbi huu. Niliwaomba wasiingie mpaka nimalize. Fungueni mlango. Na wewe mwanangu uliye karibu, nishikie miwani.